Maji Mafupi, Maji Marefu

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti mbele ya ukuta wangu, ufagio mkononi, nikifuta alama ya mafuriko kwa udongo mweupe kama mtoto anayefuta ubao kabla mwalimu hajaingia.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Xavérine, mjane, muuza sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani. Nyumba yangu iko kando ya Sebeya, hatua thelathini na moja kutoka mtoni. Ni miguu yangu iliyopima, si ya komini, serikali yetu ya mtaa. Mwezi wa nne wa mwaka huu wa tisini na tisa mto uliingia kwangu bila kubisha hodi, ukaondoka na mbuzi wawili na ukuta wa nyuma. Sasa nyuma ya nyumba nimefunga shitingi ya buluu, turubai la plastiki walilotugawia tulipokuwa wakimbizi. Mchana jua likiipiga, ndani kote ni buluu, na mimi nafanana na maiti mwenye afya nzuri.

Nilitaka mambo mawili tu: nyumba yangu isibomolewe, na ukuta wa nyuma urudi. Mnaona si tamaa. Lakini mambo hayo mawili yanasimamiwa na watu wawili, na watu hao hawapendi maji ya urefu mmoja.

Komini ilisema hivi. Nyumba ambayo maji yalipita goti inapigwa msalaba mwekundu, inabomolewa, na mwenyewe anapandishwa mlimani kuelekea Nyakiriba, ambako hakuna maji ya kuoshea hata sambaza mmoja. Ambayo hayakufika goti inabaki, mradi mwenyewe ana cheti cha bima ya mafuriko.

"Goti la nani?" niliuliza siku ile mkutanoni.

"Goti ya serikali," akajibu Karenzi, konseye wetu, yaani diwani, akaketi.

Cheti ninacho. Mwaka jana tulilazimishwa wote kukinunua. Nimekitia kwenye kioo na kukitundika pale ilipokuwa picha ya marehemu mume wangu, maana yeye hakuwahi kuniahidi mengi kiasi kile.

Bon. Jumatatu asubuhi Karenzi akaja kwangu, akitembea kwenye matope kwa viatu vyake vya ngozi kama kuku aliyekanyaga ugali wa moto. Huyu tulimchagua mwezi wa tatu kwa kupanga mstari nyuma yake. Mpinzani wake alipata watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mstari.

"Mama Xavérine, we uko mutu ya akili."

Nikajua nimekwisha. Mwanaume akikusifia akili asubuhi, jioni utakuwa umebeba mzigo wake.

"Sema, konseye."

"Kesho asubuhi komini inatuma Théogène, ule fundi wa kupima, mwenye alitoka Tanzania. Anataka kuona maji ilifika wapi ku kila nyumba. Donc, maji ilikuwa mafupi. Chini ya goti."

"Sawa. Mafupi."

"Kisha saa nane anakuja Muhire wa bima."

"Na yeye aje."

"Kwa Muhire, maji ilikuwa marefu."

Nikamtazama. Hakucheka.

"Konseye, maji ni yale yale."

"Mpaka saa sita ni mafupi. Kuanzia saa nane ni marefu. Sikiliza, mama. Bima hailipi kama maji haikupita dirisha. Ile ya chini ya dirisha banaita unyevu."

"Unyevu ndio ulibeba ukuta wangu?"

"Unyevu."

"Na mbuzi zangu mbili?"

"Zililowa."

Msidhani alikuwa ananihurumia mimi na mbuzi wangu. Baa yake ndiyo iko karibu na mto kuliko nyumba zote. Sheria yenyewe aliisoma yeye kwa sauti mbele yetu, kisha akaenda kupaka rangi upya baraza la baa lililoning'inia juu ya mto.

Basi nikafanya kazi. Naungama: nilifanya vizuri. Nikachanganya matope ya Sebeya na majivu na maji ya kuoshea sambaza, ili mstari unuke mafuriko. Jirani yangu Donatille, yule anayevusha maharage Goma kila siku, akanishikia kamba nisipinde. Mstari mmoja kwenye muundi, mwingine juu ya dirisha. Asubuhi mkeka ungening'inia juu ufunike maji marefu. Mchana tungeushusha ufunike mafupi.

"Dada, hii ya juu inaonekana kweli kabisa," Donatille akasema, akasogea nyuma kuangalia. "Hata mi naanza kuogopa."

Nikamchorea na yeye, kisha mwenye nyumba ya tatu akaja kuomba achorewe. Kisha wa nne. Hadi jioni nilikuwa nimechora nyumba kumi na mbili, na kucha zangu zilikuwa kama za mtu aliyechimba kaburi kwa mikono.

Jumanne hakuja mtu. Jumatano vilevile. Alhamisi, saa nne, nikiwa nimeanika sambaza, nikamwona Donatille anakimbia kutoka barabarani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dada! Banakuja!"

"Nani? Wa asubuhi?"

"Wote babili! Mu voiture moja! Gari ya komini imekufa, Muhire amebeba Théogène!"

Yampayinka! Nikashika mkeka. Nikaupandisha. Nikaushusha.

"Tufunike gani?" nikauliza.

"Yote!"

Tukatundika mkeka juu, tukatundika na blanketi langu chini. Bonde zima likafanya hivyo hivyo. Gari liliposimama, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimevaa.

Karenzi alikuwa amekwisha fika, akaegemea ukuta wangu kama mtu anayepumzika, ingawa jasho lilimtoka puani.

Théogène akashuka. Mrefu, mwembamba, begani amebeba mpira mrefu unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi huujaza maji kupimia usawa wa ukuta.

"Shikamoo, mama."

Huku kwetu hakuna anayenisalimu hivyo. Sikujua jibu lake, nikasema, "Merci."

Muhire akafuata. Anakaa Nengo, kwenye nyumba zenye maua, na alivaa tai. Kiswahili chake alikitoa Uganda, kwa hiyo anaongea kama anayetoa amri hata akiomba maji ya kunywa.

"Wewe mama! Kwa nini nyumba imevaa nguo?"

"Ukuta unasikia baridi, bwana."

"Nyumba zote?"

"Baridi ni ya wote."

Théogène akainua blanketi. Muhire akainua mkeka. Kila mmoja akaona mstari wake, akafurahi. Kisha kila mmoja akaona wa mwenzake.

Hata sambaza wangu juani niliwaona kama wamefumbua macho zaidi.

"Mama," Théogène akasema taratibu, "maji yalikuja mara mbili?"

"Ilikuja marefu," Karenzi akadakia, "ikarudi mafupi."

Théogène akaenda nyumba ya Donatille, akainua nguo ya ukuta. Mistari miwili. Akaenda nyumba ya tatu. Mistari miwili. Ya saba, miwili. Akarudi akifuta mikono.

"Nimepima mito mingi," akasema. "Huu ni wa kwanza wenye mwandiko mzuri hivi."

Akatazama kucha zangu. Nikaficha mikono ndani ya kitenge.

"Tumwandikie faini!" Muhire akapiga kelele. "Sisi hatulipi kitu! Hawa ni waongo!"

"Subiri, bwana Muhire. Mkataba wenu unasema mtafuata kipimo cha komini, ndiyo?"

Muhire akalegeza tai. Inaonekana mkataba ule hata yeye hakuwahi kuusoma mpaka mwisho.

Théogène akageukia watu, maana bonde zima lilikuwa limekusanyika.

"Wazee wangu, maji hulala sawa. Hayapandi kwa jirani huyu na kushuka kwa yule. Leo nataka urefu mmoja tu, kwenye ukuta huu wa mama. Nitaupeleka kwa mpira huu nyumba hadi nyumba, na huo ndio nitakaoandika kwa kila mtu. Jua likizama nimemaliza. Sasa nani ataniambia yalifika wapi?"

Watu wakaangalia miguu yao.

Karenzi akapiga makofi. "Tuchague! Kama mwezi wa tatu. Mwenye anasema mafupi, apange mustari nyuma yangu. Mwenye anasema marefu, nyuma ya Muhire."

"Konseye, maji hayapigiwi kura."

"Kama mi nilipigiwa kura, maji ni nani?"

Na kabla Théogène hajajibu, watu walikuwa wameanza kupanga. Sisi ndivyo tulivyo sasa. Tukiambiwa tupange mstari, miguu inatangulia, akili inakuja na gari la jioni.

Mtu aliyeteseka ni Muhire. Watu walivyozidi kusimama nyuma yake ndivyo kampuni yake ilivyozidi kulipa. Akawa anakimbia, na mstari unamfuata.

"Ondokeni! Mimi sigombei! Sitaki kura!"

"Mheshimiwa, simama, tunakuchagua!"

"Nawaomba, musinichague!"

Nimeishi miaka sitini na saba, nimeona wagombea wa kila aina. Yule ndiye pekee niliyeona anafaa.

Lakini ngoja niwaambie ujanja wa majirani zangu. Nilidhani watagawanyika wenye hofu huku, wenye tamaa kule. Hapana. Waligawanyika kwa vyumba vya kulala. Mume alisimama kwenye maji mafupi, mke kwenye marefu, ili mto ukipimwa vyovyote nyumba iwe na mtu wake upande ulioshinda. Tuyisenge, fundi baiskeli, alimsukuma mkewe kwa kiwiko: "Nenda kule, wewe mupumbavu, tusiwe wote hapa!" Hata Karenzi, mgombea wa maji mafupi, mkewe alikuwa wa kwanza nyuma ya Muhire, amevaa kilemba cha sikukuu.

Théogène akahesabu. Ishirini na watatu huku, ishirini na watatu kule. Ndoa zetu ni imara.

Tulibaki wawili, mimi na Donatille. Donatille hana mume, mimi wangu alishakwenda. Mjane ana mwili mmoja, hawezi kuugawa.

"Mama Xavérine!" Karenzi akaita. "Kuja kwa mafupi! Nyumba yako ibaki!"

Nikaifikiria nyumba bila ukuta wa nyuma, mvua za mwezi wa tisa zikipiga shitingi.

"Kuja kwa marefu!" mkewe akaita. "Upate mabati na matofali!"

Nikayafikiria mabati hayo juu mlimani, na mimi chini yake, nikiuza sambaza kwa mawe.

Nikapiga hatua tatu, goti likauma. Mbele yangu palikuwa na kivuli kidogo cha bati, katikati ya mistari miwili. Nikasimama hapo. Naapa sikuwa na wazo lolote, nilitaka kivuli.

"Mama, wewe uko upande gani?" Théogène akauliza.

"Mi nimesimama tu."

"Si huku wala si kule?"

"Si unaona?"

Akaandika. "Basi kuna mstari wa tatu."

Donatille akaja akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. "Mi nafuata dada," akasema.

Nikasikia minong'ono.

"Huyu bibi mukecuru iko na kitu anajua."

"Si yeye alichora ile mistari yote? Atashindwa ya tatu?"

"Labda iko maji ya katikati yenye inalipa na haibomoi!"

Tuyisenge akatoka kwenye mafupi, akaja nyuma ya Donatille. Mkewe akatoka kwenye marefu, akaja nyuma ya mumewe. Kisha wawili. Kisha sita. Kisha mistari yote miwili ikavunjika kama ukuta wangu wa nyuma, na watu wote wakawa nyuma yangu hadi karibu na mto.

"Rudini!" nikawaambia. "Mi sina kitu!"

"Tunakujua, mama! Ndivyo unasema kila mara!"

Karenzi akabaki peke yake juani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaja mbio, akasimama sambamba nami kana kwamba mimi ni mpambe wake.

"Hata mi nilikuwa nawaza hivi tangu asubuhi," akawaambia watu.

"Hivi vipi, konseye?" nikamnong'oneza.

"Utasema we."

Sasa mnipe nafasi niungame, maana hili sikuliweka wiki iliyopita, wala kabla ya hapo.

Maji ya katikati yapo. Yalifika kitovuni. Watu wote waliosimama nyuma yangu wanajua, maana walikuwamo, wameinua nguo na mabeseni vichwani. Kitovuni ni juu ya goti, kwa hiyo unabomolewa. Kitovuni ni chini ya dirisha, kwa hiyo ni unyevu, hulipwi. Ukweli ndio urefu pekee ambao unakunyang'anya nyumba na ukuta wake pamoja. Ndiyo sababu hakuna aliyeusema.

Kuna sababu nyingine.

Mtu mmoja alikuwa hayumo siku ile: Donatille. Alikuwa Goma, na mto ulikata barabara, akakaa huko siku tatu. Nyumbani alikuwa amemwacha mama yake, Mukankusi, ambaye miguu ilikuwa imekufa kitambo. Maji ya kitovuni hayamuui mtu aliyesimama. Mukankusi alikuwa amelala. Tulimkumbuka baada ya kukumbuka magodoro, na kreti za bia za konseye, na mbuzi wangu, ambao hata hivyo sikuwaokoa.

Donatille aliporudi tulishamzika. Nyumba yake tulikuwa tumeipaka udongo mweupe, ndani na nje. Tukamwambia maji yalikuwa ya muundi tu, na mama alishikwa na homa. Kwenye daftari la vifo Karenzi aliandika "homa", maana kwa maji mafupi mtu hafi. Shahidi wa kwanza chini ya neno hilo ni mimi. Mwandiko wangu ni mzuri, mlishaambiwa.

Siku iliyofuata Donatille aliniletea chumvi kutoka Goma, kunishukuru kwa kumvalisha mama yake. Niliipokea. Nimepikia.

"Mama," Théogène akasema. Alikuwa amefungua kopo la rangi nyekundu, akachovya brashi. Hakuwa anacheka tena. "Sihitaji maneno. Weka kidole ukutani mahali maji yalipofika. Nitachora hapo hapo, kisha nitaanza na nyumba ya jirani yako huyu."

"Chini," Karenzi akanong'ona sikio la kulia, midomo haisogei. "Chini, mama. Kumbuka daftari."

"Juu!" mtu akasema nyuma. "Juu kabisa!"

"Dada, usiogope," Donatille akaniambia, akanibonyeza bega. "Weka tu penye ilifika. We huwa hunidanganyi mi."

Nikainua mkono. Nilikusudia kuupeleka chini, mbele za Mungu, nilikusudia. Ukuta ulikuwa wa baridi. Kidole kikagusa, kikatembea kidogo juu ya udongo mweupe nilioupaka mwenyewe, kikasimama.

Nilimsikia Tuyisenge akisema, "Mana we, Mungu wangu," basi.

"Hapo?" Théogène akauliza.

Mkono wa Donatille ulikuwa umetoka begani kwangu. Alikuwa amesogea kando yangu, anatazama kidole changu, kisha akaweka kiganja chake tumboni, usawa ule ule, kama mtu anayejipima nguo. Halafu kiganja kile akakishusha polepole, kikapita paja, kikapita goti, hadi pale godoro la mama yake lilipokuwa linaanzia. Akabaki ameinama hivyo.

"Dada," akasema bila kuinuka. "Nani alisema ni homa?"